Mizani Kabla ya Kikaango

Barua ya wazi kwa wamiliki, mameneja na wapishi wakuu wa migahawa ya samaki ya familia katika vitongoji vya pwani ya Dar es Salaam



Barua hii inaelekezwa kwa walioshika biashara ya kuwalisha samaki wakazi wa Msasani, Kawe, Mbezi Beach, Kunduchi na Bahari Beach, pamoja na wenzao wa Kigamboni ambao, tangu Daraja la Nyerere lilipofunguliwa mwaka 2016, wamekuwa wakipokea familia zilizokuwa zikisita kupanga foleni ya pantoni. Kwa mgahawa wa samaki wa familia panakusudiwa hapa mahali pa kukaa na kula pasipo masharti ya mavazi, ambapo baba, mama, watoto, bibi na pengine jirani aliyealikwa hukutana Jumamosi au Jumapili mchana, wakaagiza samaki mzima wa kukaanga au wa kuchoma, pweza, ngisi au kamba, kwa ugali, wali wa nazi, ndizi au chipsi. Hoteli za kitalii hazihusiki na maneno haya, wala hahusiki mchuuzi wa pweza wa jioni barabarani, ingawa itafaa kukiri mapema kwamba mchuuzi huyo, anayekata kipande kwa kipande mbele ya macho ya mteja na kutaja bei ya kila kipande, anafanya biashara iliyo wazi kuliko migahawa mingi yenye paa la makuti na bustani.

Ombi la barua hii ni moja, na mengine yatakayoelezwa yanalitegemea: samaki aonyeshwe mteja akiwa mbichi, atajwe kwa jina lake, awekwe kwenye mizani, na bei yake itamkwe kabla hajaparuliwa magamba. Kwa sasa, katika migahawa mingi ya aina hii, orodha ya vyakula hutaja bei ya soda, ya chipsi na ya kachumbari hadi shilingi ya mwisho, lakini ikifika kwa samaki mzima, ambaye ndiye aliyewatoa watu nyumbani, huandikwa tu kwamba bei ni kulingana na ukubwa. Mhudumu akiulizwa ukubwa huo ni upi, hutanua viganja hewani, hutaja bei tatu, ya mdogo, ya wa kati na ya mkubwa, kisha huelekea jikoni. Muda mrefu baadaye huletwa sinia lenye samaki aliyechanjwa mbavuni, aliyekauka kwa mafuta na kufunikwa vitunguu na pilipili hoho, na hapo hakuna mtu, hata mvuvi mwenyewe, awezaye kusema kwa uhakika alikuwa na uzito gani alipotoka majini.

Sababu ya kutoweza kukadiria huko ni ya kimaumbile. Samaki hupoteza sehemu ya uzito wake anapotolewa matumbo, magamba na matamvua, yaani vile viungo vyekundu vya kupumulia vilivyo chini ya mashavu, na hupoteza sehemu nyingine, kubwa zaidi, pale maji yaliyomo katika nyama yanapotoka kwa moto wa mafuta. Kiasi cha upotevu hutofautiana kwa aina ya samaki na kwa muda aliokaa kikaangoni, kiasi kwamba samaki wawili waliolingana sokoni huweza kutofautiana mezani, na mteja anayelalamika kuwa ameletewa mdogo kuliko aliyeahidiwa huenda anakosea, kama vile mpishi anayemjibu kuwa ndiye yule yule huenda anasema kweli. Ugomvi wa namna hii hauna mwamuzi, na humwangukia mhudumu, kijana ambaye mara nyingi hakupanga bei wala hakumchagua samaki, na ambaye hulazimika kusimama mbele ya meza ya watu saba akitetea uamuzi uliofanywa na wengine. Mizani yenye muhuri wa Wakala wa Vipimo, chombo cha serikali chenye jukumu la kuhakiki vipimo vya biashara, ingemwondolea kijana huyo mzigo usio wake.

Wenye migahawa wana hoja ya kujitetea, na hoja yenyewe ni ya kweli. Bei ya samaki wa baharini haitulii. Katika miezi ya kusi, upepo unaovuma kutoka kusini kuanzia takriban Aprili hadi Septemba, bahari huchafuka na mitumbwi, ngalawa na boti ndogo hushindwa kufika kina kirefu, kwa hiyo samaki hupungua na bei hupanda. Kaskazi inapoingia, kuanzia karibu Desemba hadi Machi, maji hutulia na mambo hugeuka. Juu ya majira hayo ya mwaka kuna majira ya mwezi: vibua na dagaa wanaovuliwa kwa taa hupatikana zaidi katika siku za giza, kwa kuwa mbalamwezi huidhoofisha nguvu ya taa za wavuvi, ilhali pweza wanaotafutwa kwa miguu juu ya miamba hupatikana zaidi wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu ambapo maji hujaa sana na kutoka sana, hata miamba ikaachwa wazi kwa saa kadhaa. Anayenunua alfajiri kwenye mnada wa Feri, soko la samaki lililoko Magogoni kwenye lango la bandari, au kwenye diko la Kunduchi ambako wavuvi hupandisha mavuno yao pwani, hawezi kujua leo atakacholipa kesho. Lakini hoja hii inathibitisha jambo moja tu, kwamba bei ya samaki haiwezi kuchapwa kwenye orodha ya vyakula itakayotumika mwaka mzima. Haithibitishi kwamba haiwezi kuandikwa kwa chaki asubuhi ya leo. Ubao wenye majina ya samaki waliopatikana siku hiyo, na mbele ya kila jina bei ya kilo, pamoja na maelezo kama kilo hiyo ni ya samaki mzima au aliyekwisha tolewa matumbo, unatosha, na hugharimu chini ya spika moja kati ya zile zinazopamba pembe za baadhi ya kumbi hizi.

Suala la jina nalo linahitaji unyofu. Familia inayotoka Tegeta au Kimara kwenda kula ukingoni mwa bahari hudhani kwamba inakula mazao ya bahari hiyo, na mara nyingi samaki mzima inayeletewa ni sato, samaki wa maji baridi ambaye huenda amefugwa bwawani au amesafirishwa kutoka Ziwa Victoria, safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Mwanza. Hakuna dhambi katika kuuza sato. Ni samaki mtamu, ana nyama nyeupe, miiba yake mikubwa huonekana kwa urahisi, na saizi yake inayolingana humrahisishia mpishi kazi. Tatizo huanza pale anapoitwa samaki tu, akauzwa kwa bei ya changu au chewa, na mteja asiyejua kutofautisha pezi na pezi akaondoka akiamini kwamba amekula matunda ya Bahari ya Hindi. Vivyo hivyo, minofu, yaani vipande vya nyama visivyo na mifupa, huweza kuwa ya sangara, ya nguru au ya papa, na kwa papa kuna sababu ya ziada ya kutaja jina: samaki wakubwa wanaokula wenzao na kuishi miaka mingi, kama papa na nduaro, hukusanya mwilini zebaki nyingi kuliko samaki wadogo, na mamlaka za chakula za nchi kadhaa, ikiwamo Marekani, huwashauri wajawazito na watoto wadogo wawaepuke. Mama mjamzito hawezi kuufuata ushauri huo mbele ya sahani iliyoandikwa samaki wa mchuzi.

Katika orodha ya mambo yote yanayoweza kufichwa na kikaango, kubwa zaidi ni ubichi wa samaki, na hapa inafaa kueleza kwa kirefu, kwa sababu dhana iliyoenea jikoni kwamba moto hurekebisha kila kitu ni dhana ya hatari. Jodari, nguru na vibua wana katika nyama yao kiasi kikubwa cha histidini, moja ya viini vya kawaida vinavyojenga protini. Samaki hao wanapokaa kwenye joto baada ya kufa, bakteria huibadilisha histidini kuwa histamini, kemikali ile ile ambayo mwili wa binadamu huitoa wakati wa mzio. Mtu anayeila kwa wingi huanza, ndani ya dakika chache au saa moja au mbili, kuwashwa na kuwa mwekundu usoni na shingoni, kuumwa kichwa, moyo kwenda mbio, pengine kutapika na kuhara, na mara nyingi yeye na walio naye huhitimisha kuwa ana mzio wa samaki, ilhali kosa halikuwa katika mwili wake. Lilikuwa katika saa tatu au nne ambazo samaki alikaa kwenye ndoo bila barafu. Kwa wengi hali hiyo hupita ndani ya siku moja, lakini kwa mtoto mdogo, mzee au mwenye pumu si jambo la kupuuzwa. Kinachopaswa kukaririwa na kila mpishi ni kwamba histamini ikishatengenezwa haiondoki kwa kukaanga, kwa kuchoma, kwa kugandisha wala kwa kulowekwa katika ndimu na tangawizi. Viwango vya Codex, mkusanyiko wa kanuni za kimataifa za chakula unaosimamiwa kwa pamoja na FAO na WHO, vinaweka ukomo wa miligramu 200 za histamini kwa kilo moja ya samaki, na njia pekee ya kubaki chini ya ukomo huo ni baridi inayoanza mapema na isiyokatika.

Baridi hiyo hupatikana kwa barafu iliyovunjwavunjwa. Kanuni ya wavuvi na wafanyabiashara wa nchi za joto ni takriban kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, wakipangwa kwa tabaka ndani ya kasha lenye kuta nene na tundu la kutolea maji, kwani samaki anayeogelea katika maji ya barafu iliyoyeyuka, yaliyochanganyika na damu, huharibika upesi kuliko aliye juu yake. Friza ya kawaida ya jikoni haichukui nafasi ya kasha hili. Hugandisha polepole, ikaacha ndani ya nyama chembe kubwa za barafu zinazoichana, na umeme ukikatika mara mbili mchana samaki huyeyuka na kuganda tena, jambo ambalo mlaji hulitambua mdomoni kama nyama iliyolegea na kukosa ladha hata kabla halijawa suala la afya. Mgahawa unaowalaza samaki wake kwenye meza ya barafu mbele ya wateja, mahali penye kivuli na kioo cha kuzuia nzi, hulazimika kuwa na barafu ya kutosha, kwa sababu macho yaliyozama na kufifia, matamvua yaliyogeuka kahawia, tumbo lililolegea na nyama isiyorudi ikibonyezwa kwa kidole huonekana na kila mtu, hata na mtoto wa darasa la nne aliyefundishwa mara moja. Uonyeshaji huo ndio ukaguzi wa bei nafuu kuliko wote, na tofauti na ukaguzi wa afisa afya, hufanyika kila siku. Isieleweke hapa kwamba kinachopendekezwa ni ile meza ya jioni iliyozoeleka katika bustani za vivutio vya utalii, ambapo mishikaki ya jodari na kamba hupangwa kwa ustadi chini ya taa kwa saa nyingi bila chembe ya barafu. Hiyo ni mapambo, na kwa samaki wa jamii ya jodari ni mapambo yasiyofaa kabisa.

Samaki mbichi anayeonekana husema pia alivyovuliwa. Uvuvi wa baruti, uliopigwa marufuku kwa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kabla yake, ulizisumbua bahari za Dar es Salaam kwa miongo kadhaa, na ingawa operesheni za serikali ziliupunguza sana, mpishi anayepasua matumbo ya samaki kila siku ndiye shahidi wa mwisho asiyeweza kudanganywa: uti wa mgongo uliovunjika bila jeraha la nje, kifuko cha hewa kilichopasuka na damu iliyovuja ndani ya tumbo ni alama za mlipuko. Mpishi huyo akiwa na ruhusa ya kumrudisha samaki huyo kwa dalali, biashara ya baruti hukosa mnunuzi. Akiwa hana ruhusa hiyo, sheria hubaki mikononi mwa doria za baharini peke yake. Kuhusu pweza, kanuni za uvuvi za Tanzania haziruhusu kuvuliwa wala kuuzwa walio chini ya gramu 500, na kanuni hiyo ina mantiki nyepesi, kwani pweza wa miamba ya pwani hii hukua kwa kasi ya ajabu katika miezi ya mwisho ya maisha yake mafupi, na jike hutaga mara moja tu, akayalinda mayai bila kula hadi yanapoanguliwa, kisha akafa. Anayemchukua akiwa mdogo hupoteza uzito ambao angeupata kwa kungoja wiki chache, na hupoteza pia mayai. Kijiji cha Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, kilianza mwaka 2004 kufunga sehemu za miamba yake kwa miezi michache ili pweza wakue, na mfano huo umeigwa baadaye katika maeneo kadhaa ya pwani ya Afrika Mashariki. Mgahawa wenye mizani mlangoni hauna kisingizio cha kupokea pweza wa gramu 300.

Kuhusu watoto, ambao ndio wanaoufanya mgahawa wa familia uwe wa familia, yapo machache ya kusema, na mengi kati yake yanajulikana. Samaki wa kuagizwa huchukua muda, na mtoto wa miaka mitano hawezi kusubiri dakika hamsini akitazama meza tupu. Sahani ya mihogo, ya viazi karai au ya kachori inayoletwa mapema, kwa bei iliyoandikwa, huzuia kilio na humpa mpishi nafasi ya kukaanga bila kukimbizwa. Pilipili iwekwe pembeni. Mtoto asiyezoea miiba apewe kipande cha nguru kilichokatwa kwa upana, chenye mfupa mkubwa wa katikati unaoonekana, ilimradi nguru huyo amepita kwenye barafu iliyoelezwa hapo juu. Sabuni iwepo kwenye karo kabla ya kula na wala si baada ya kuulizwa, choo kiwe na maji, na muziki uwekwe kiasi ambacho bibi aweza kusikilizana na mjukuu wake. Kwa hili la mwisho, kanuni za udhibiti wa kelele za mwaka 2015 zimekwisha kusema, na hakuna sababu ya kungoja maofisa wa mazingira waje kuzikumbusha.

Itasemwa, na baadhi ya mameneja wamezoea kusema, kwamba mteja akiona bei ya kilo ataogopa na kuondoka. Wapo watakaoondoka. Lakini familia iliyopanga kutumia kiasi fulani cha fedha mwisho wa mwezi, ikiambiwa kwamba changu wa kilo moja na robo ana bei hii na tasi wawili wadogo wana bei ile, huchagua kilicho ndani ya uwezo wake na hurudi mwezi ujao, ilhali familia iliyoduwazwa na bili hulipa, hunyamaza, na jioni ile ile huwaambia ndugu na majirani wasikanyage pale. Itasemwa pia kwamba mizani, barafu na ubao vinaongeza gharama. Barafu inaongeza gharama, na ni halali gharama hiyo iingizwe katika bei ya kilo, kwa uwazi, kwa sababu mteja anayeiona barafu yuko tayari kuilipia kuliko anayeambiwa kuihusu. Jambo lisilo halali, na ambalo limezoeleka mno, ni kupata faida kutokana na mteja kutojua, kisha kuita faida hiyo ukarimu wa pwani.

Risiti ya mashine ya kielektroniki inaweza kubeba maneno mawili zaidi bila ugumu wowote: jina la samaki na uzito wake. Hapo mzunguko wote, kutoka ubao wa asubuhi hadi karatasi ya mwisho wa mlo, utakuwa na kumbukumbu inayoweza kusomwa na mteja, na mwenye mgahawa, na mkaguzi wa kodi, na hata na mpishi anayetaka kujua ni samaki gani wanaopendwa siku za Jumapili.

Kwa hiyo wenye migahawa ya samaki kuanzia Msasani hadi Bahari Beach, na wale wa Kigamboni, wanaombwa waanze Jumamosi ijayo, kila mmoja kwa ubao mmoja, mizani moja yenye muhuri na kasha moja la barafu lililowekwa mahali ambapo familia inaweza kulifikia, na wawaelekeze wahudumu wao kwamba hakuna samaki atakayeingia jikoni kabla mwenye kumlipia hajaambiwa jina lake, uzito wake na bei yake. Wateja nao wanaombwa waulize mambo hayo matatu kabla ya kuketi, kwa upole na kwa sauti ya kusikika, na wakikosa majibu waende mgahawa wa jirani.